Upana wa Rimu Kwanza: Niliyojifunza Kwenye Hilux ya Vitunguu

Ukienda kwa wauza tairi na pikapu yako, ukasema unataka tairi kubwa kuliko ulilonalo, swali litakalozunguka pale dukani ni moja: litaingia? Wanamaanisha chini ya fenda. Kijana atachuchumaa, atapitisha kiganja kati ya tairi na plastiki ya ndani, ataomba ukate usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, halafu atainuka akijifuta mikono. "Inaingia bosi, hamna shida." Bei inatajwa, jeki inapanda. Rimu hakuna aliyeitazama, zaidi ya kujua kama ni ya 15 au ya 16.

Nimebeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda soko la Kilombero, Arusha, kwa miaka mingi sasa, na sehemu kubwa ya muda wa kusubiri kupakia huwa inaishia kwenye mabishano ya tairi. Tunabishana urefu, tunabishana kashata, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga chini, tunabishana tairi jipya la bei rahisi na la mtumba kutoka Japani lipi bora. Upana wa rimu haumo kabisa kwenye mabishano hayo. Na mimi nimefika mahali ambapo mtu akiniuliza habari ya kuongeza tairi, hilo ndilo ninalotaka kujua kabla ya jingine lolote.

Hilux yenyewe niliinunua kwa shemeji yangu alipohamia kwenye Fuso. Kebini moja, injini ya 5L, dizeli isiyo na tabo, magurudumu manne yote yanavuta. Ilikuwa imesimama, huwezi kubisha. Shemeji alikuwa ameivalisha tairi za 31x10.50R15 (kimo inchi 31, upana inchi 10.5, rimu ya 15) zenye kashata kubwa za porini, na wakati wa kupatana bei alizipiga teke kidogo kwa fahari. "Hizi tu, shemeji, ukizitoa na kuziuza unarudisha hela nusu." Rimu zilikuwa za chuma, nyeusi, zimepakwa rangi kwa mkono.

Bila mzigo gari lilikwenda vizuri tu. Kero ilianza nikiwa nimepakia, na hasa pale unapoacha Karatu ukashuka ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Mto wa Mbu. Zile kona zinataka gari linalotii. Hii ilikuwa ukikata usukani, kebini inakwenda, halafu nyuma inafuata kwa kuchelewa kidogo, kama inafikiria. Ukinyoosha, nyuma inayumba upande wa pili kabla ya kutulia. Nilibadilisha shokapu za nyuma. Nikakagua springi za majani, bushi, nati za yu-bolti. Fundi mmoja akanibadilishia na bushi ambazo sikuona kama zina tatizo. Yumba ikabaki palepale.

Pamoja na hiyo, tairi zilikuwa zinalika katikati. Si kulika kwa kubahatisha: kashata za katikati zilikuwa zimebakiza kimo kidogo tu kufika kwenye zile alama za mwisho, wakati za pembeni kabisa bado zilikuwa na vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani. Kila niliyemwonyesha alitoa jibu moja, kwamba upepo umezidi. Si jibu baya. Tairi lenye upepo uliozidi hulika katikati, hilo linajulikana hata na watoto wa pale kwa pancha. Shida ni kwamba upepo haukuzidi. Nyuma nilikuwa nikitembea na PSI 35, na nikiwa na magunia ya lumbesa nilikuwa naogopa kwamba ni pungufu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenye karakana ndogo ya tairi maeneo ya Unga Limited. Si mtu wa maneno mengi. Nilimsalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia huku akiitazama gari kwa nyuma, kutoka mbali, macho yakiwa usawa wa bampa.

"Marahaba. Hiyo miguu umenunua au umerithi?"

"Nimeinunua gari hivyohivyo mzee."

"Basi pole."

Hakugusa geji ya upepo kwanza. Alichukua chaki nyeupe ya shuleni akachora mstari mnene unaokatiza tairi la nyuma kutoka pembe hadi pembe, akarudia kwenye jingine, akaniambia nisogeze gari taratibu mpaka getini na kurudi. Niliposhuka, chaki ilikuwa imefutika katikati kwa upana wa kiganja tu. Pande zote mbili mstari ulikuwa bado mweupe kana kwamba umechorwa sasa hivi. Akapunguza upepo hadi 28, akachora tena. Safari hii ilifutika kwa upana zaidi kidogo, lakini pembeni bado palikuwa peupe, na mbavu za tairi zilikuwa zimeshaanza kutoka nje chini, kana kwamba gari limepakia. Lilikuwa tupu.

"Umeona," akasema. "Ukiliongezea upepo linalika katikati. Ukilipunguzia linachoka mbavuni, na pembeni bado halikanyagi. Kosa haliko kwenye upepo."

Akafungua gurudumu moja, akalitoa tairi, akafuta rimu kwa kitambaa chenye dizeli karibu na tundu la valvu. Chini ya ile rangi ya mkono kulikuwa na maandishi yaliyogongwa kwenye chuma: 15x6JJ. Hiyo 15 ni kipenyo. Hiyo 6 ndiyo iliyomfanya anipe pole.

Hapa kuna jambo dogo linalowapoteza wengi, na ningependa mtu alishike. Alinipa futi nipime mwenyewe upana wa rimu, na nilipoiweka kutoka ukingo wa nje wa upande huu hadi ukingo wa nje wa upande ule, nilipata inchi 7. Mzee akacheka. Upana wa rimu haupimwi hivyo. Unapimwa ndani kwa ndani, pale midomo ya tairi inapokaa na kuegemea kingo, na zile kingo zenyewe hazihesabiwi. Ukipima nje utapata karibu inchi nzima ya ziada. Nimekutana na watu wengi wanaoapa kwamba rimu zao ni za 7 au za 8, na ukikuna uchafu ukasoma chuma unakuta pungufu. Kama maandishi yapo, amini maandishi. Kama yamefutika au rimu ni ya kuchomelewa, toa tairi upime ndani.

Sasa, tairi la 31x10.50R15 watengenezaji wake wanalitaka likae kwenye rimu ya kuanzia inchi 7 mpaka 9. Sita haimo. Na ule upana wa inchi 10.5 unaoandikwa ubavuni haupatikani kwenye rimu yoyote ile utakayoamua. Tairi la saizi hiyo hupimwa likiwa kwenye rimu ya inchi 8.5. Hesabu ambayo watu wa tairi hutumia ni kwamba kila nusu inchi ya rimu inayopungua, tairi linapungua upana kama milimita 5. Kutoka 8.5 kushuka hadi 6 ni nusu inchi tano, yaani sentimita 2 na nusu za upana zimepotea. Shemeji alilipia tairi pana, akaendesha tairi la wastani lililokunjwa.

Na kukunjwa kwenyewe ndiko kunakoleta balaa. Chini ya kashata kuna mikanda ya waya wa chuma iliyofumwa ilale tambarare. Midomo ikibanwa ikaribiane kuliko ilivyokusudiwa, mbavu zinavutwa ndani kwa chini, zinatoka nje katikati, na uso wa tairi unajikunja kama mgongo wa kobe. Ndiyo maana chaki ilifutika katikati peke yake. Ile yumba nayo inatoka hapohapo: gari likiingia kona na mzigo, uso wa tairi unabaki umeshika lami wakati rimu inahama upande juu yake, kwa sababu mbavu zilizobanwa chini hazina pa kujishikizia. Nilikuwa nimenunua shokapu kutibu ugonjwa wa rimu.

Kwa nini shemeji hakuona hayo? Yeye alikuwa akibeba abiria wa minadani na mizigo myepesi, na njia zake nyingi zilikuwa za vumbi, ambako gari huwa linateleza na kuyumba hata likiwa na tairi sahihi. Vumbi linaficha mengi. Lami na uzito ndivyo vinavyosema ukweli. Sikumwambia kitu, alikuwa ameniuzia kwa bei ya ndugu.

Kuhusu kupunguza upepo, niseme zaidi kidogo, maana ndilo jibu la haraka ambalo kila mtu hulikimbilia. Tairi lililobanwa kwenye rimu nyembamba ukilipunguzia upepo ili likanyage vizuri, unaongeza kupinda kwa mbavu kila gurudumu linapozunguka. Kupinda ni joto. Joto na mzigo na mwendo wa lami ndivyo vinavyopasua tairi, na mara nyingi hupasuka ubavuni, mahali pasipozibika. Kule chini Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kuna sehemu za mchanga ambako kushusha upepo ni lazima, na hapo ndipo hatari ya pili ilipo. Nilimkuta dereva mwenzangu amesimama pembeni, tairi la mbele limechomoka mdomo upande wa ndani, mchanga umejaa kati ya mpira na chuma. Alikuwa na tairi pana kwenye rimu nyembamba, ameshusha upepo, amekata kona kwa nguvu akikwepa ng'ombe. Tulihangaika na kamba ya kufungia mzigo, tukalifunga tairi katikati na kukaza kwa kipande cha mti ili midomo itanuke, huku mwingine anapuliza kwa kompresa ndogo ya kwenye betri. Ilikubali baada ya kusafisha mchanga wote kwa maji ya kunywa. Kuna wale wanaomwagia petroli ndani na kuwasha kiberiti ili tairi lijirushe lenyewe kwenye rimu. Wakianza hayo mimi huwa nakwenda kutazama ng'ombe, mbali.

Niliporudi kwa mzee kutaka suluhisho, aliniwekea njia mbili. Moja, nitafute rimu za 15x7 au 15x8 zenye matundu 6 ya mzunguko wa 139.7, ambayo ndiyo ya Hilux yangu, nibaki na 31. Ya pili, nibaki na rimu nitafute tairi linalozitaka. Tairi la 235/75R15 (upana milimita 235, kimo cha ubavu asilimia 75 ya upana huo, rimu ya 15) linakubali rimu ya inchi 6 mpaka 8, kwa hiyo kwangu lingekaa mwanzoni mwa kipimo, si nje yake. Nikachagua la pili. Sababu ya kwanza ilikuwa hela. Sababu ya pili nilikuja kuijua nikiwa tayari nimelipa.

Watu huwa wanashangaa nikisema nilishuka saizi na gari likawa bora, kwa hiyo tuweke namba mezani. Tairi la 235/75R15 lina kimo cha milimita 733 hivi. Lile la 31, licha ya jina lake, likiwa na upepo linapimwa kama 774. Tofauti ni sentimita 4. Lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo uwazi wa chini ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, unapungua nusu yake tu: sentimita 2. Kwa sentimita 2 hizo, shemeji alikuwa akilipa kwa klachi, kwa mafuta, na kwa kona za Mto wa Mbu. Jiwe litakalogonga difu yangu leo, mara tisa kwa kumi lingeigonga na jana.

Klachi nilikuwa sijaitaja. Injini ya 5L haina nguvu za kuchezea, na kutoka Mang'ola kupanda Karatu umepakia ni kupanda kweli. Tairi refu ni sawa na kuinua gia zote kwa asilimia ile ile. Kwa 31 ilikuwa kama asilimia 5 na nusu. Sehemu ambazo gari la mwenzangu lilipanda kwa gia ya tatu, langu lilikuwa linaomba ya pili, na kwenye ya pili nilikuwa nazungusha injini hadi moshi. Baada ya kubadilisha, ile ya tatu ikarudi. Mafuta siwezi kukutajia asilimia maana sikuwa napima kitaalamu, lakini nilikuwa najaza tenki nikiwa sijaanza kutazama mshale kwa wasiwasi.

Halafu kuna tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo. Kibao cha kasi huhesabu mizunguko, hakijui kimo cha tairi. Ukiweka tairi refu kwa asilimia 5 na nusu, kibao kinasoma 50 na wewe uko karibu na 53. Magari mengi yanatoka kiwandani kibao kikisoma zaidi kidogo ya kasi halisi, kwa hiyo kuna ka-nafasi ka usalama. Tairi kubwa linakula ka-nafasi hako kote. Ukipita Makuyuni au Mto wa Mbu penye 50 ukiwa umeshikilia 50 kwa uaminifu wako wote, unaweza kusimamishwa na kuandikiwa 30,000 huku ukiapa kwamba kibao chako kilikuwa sawa. Na kweli kilikuwa sawa. Kwa tairi la zamani.

Jambo la mzigo linaachwa nyuma kwa sababu namba zake ni ndogo na zimejificha baada ya saizi. Ubavuni utaona kwa mfano 104S au 112T. Herufi ni mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, ambayo kwa pikapu ya vitunguu ni nadharia tu. Namba ndiyo mzigo wa tairi moja: 104 ni kilo 900, 109 ni kilo 1,030, 112 ni kilo 1,120. Saizi ileile moja unaweza kuikuta ya gari ndogo la familia na ya kazi, zikifanana kwa macho. Mimi nilitafuta zenye LT, za kazi, na nikageuza kila moja kutafuta tarehe. Ile namba ya mwisho yenye tarakimu nne baada ya DOT ni wiki na mwaka: 3418 ni wiki ya 34 ya mwaka 2018. Muuzaji wa mtumba hawezi kukuzuia kusoma, na anayekuzuia ameshakujibu.

Kwenye suala la kupita kwenye tope, nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzangu. Tairi pana si dawa ya tope. Udongo mwekundu wa Karatu ukinyesha unateleza juu, lakini chini kidogo kuna ardhi ngumu, na tairi jembamba lenye kashata linapasua ule utelezi likafika pagumu. Pana linaelea juu ya utelezi na gari linakwenda linakotaka. Pana lina faida kwenye mchanga, hilo nakubali, ingawa hata mchangani ukishusha upepo kinachoongezeka zaidi ni urefu wa alama ya tairi kuliko upana wake, kwa hiyo hata jembamba linapona.

Tazama Land Cruiser za kazi, zile za hospitali za vijijini, za mashirika, za hifadhi, zenye mkonga wa kuvutia hewa pembeni ya kioo. Kwa miaka mingi zimetembea na tairi la 7.50R16, jembamba, refu kama sentimita 80, kwenye rimu ya inchi 5 na nusu tu. Toyota hawakukosa mpira. Hilo ni tairi lililochaguliwa na watu waliojua litabeba maji, dawa na watu kumi kwenye mawe.

Na ni kwenye hizohizo ndipo swali la "litaingia?" linapodanganya kuliko kokote. Mtu anayetaka kuachana na 7.50R16 anakuta saizi mbili za kisasa zenye kimo kilekile kwa tofauti ya milimita chache: 235/85R16 na 265/75R16. Kwa fenda, zote zinaingia. Kwa macho, ya pili inapendeza. Lakini 235/85R16 inaanzia rimu ya inchi 6, na 265/75R16 inaanzia inchi 7. Kwenye rimu ya 5.5 ya kwanza inapungukiwa nusu inchi na ya pili inapungukiwa inchi moja na nusu. Juu ya hayo, nyingi ya rimu zile za zamani ni za vipande, zina pete ya chuma ya kufungia na zinatumia tyubu. Hazikutengenezwa kushika upepo zenyewe. Ile pete ikirushwa na upepo wakati wa kujaza inaua mtu, na fundi anayejiheshimu hujaza akiwa amesimama kando, gurudumu likiwa ndani ya kizimba au limelazwa pete ikiwa chini. Anayetaka tairi pana pale anunue rimu nzima za upana unaotakiwa, au abaki na jembamba na heshima yake.

Kuna na wale wa upande mwingine, vijana wa mjini wanaovuta tairi jembamba kwenye rimu pana mpaka mbavu zinalala. Hao gari lao halibebi kitu, na wakigonga shimo rimu ndiyo inayopokea. Sina mengi ya kuwaambia.

Tairi la akiba lisisahauliwe. Ukibadilisha manne ukabakiza la tano la saizi ya zamani, siku ya pancha utakuwa na vimo viwili tofauti kwenye ekseli moja, na difu itakuwa inafanya kazi ya kukata kona hata ukiwa kwenye mnyoofu. Ukiwasha na magurudumu ya mbele juu ya lami, ndiyo umewasha moto. Nilinunua matano. Mzee alinisaidia kuuza zile 31 kwa mtu mwenye rimu za inchi 8, na zilipokaa kwake zilikuwa tambarare, ungedhani si zilezile. Zilikuwa zimeshalika katikati, na aliambiwa.

Mpwa wangu ndiye aliyefufua mada yote hii nyumbani. Ana Hilux Revo, inatembea na 265/65R17 kwenye rimu za 17x7.5, na amependa 285/70R17. Alikuja na picha kwenye simu.

"Mjomba, tazama hii ilivyosimama."

"Nimeiona. Rimu yake ya ngapi?"

"Za kumi na saba mjomba, kama zangu."

"Upana?"

Kimya. Akaenda kuchungulia, akarudi na 7.5. Basi tukakaa. Lile tairi la 285/70R17 linakubali rimu ya 7.5 mpaka 9. Kwa hiyo si haramu, lakini ni ukingoni kabisa, na yeye hubeba pampu za umwagiliaji na mabomba. Kimo kinaruka kutoka milimita 776 hadi 831, asilimia 7. Kwenye 100 ya kibao angekuwa kwenye 107. Na fenda za Revo kwa mbele, ukikata usukani na tairi hilo, kuna plastiki za kukatwa.

Akasema basi ataweka na rimu, amepata za inchi 9 zenye ofseti sifuri, bei nzuri. Hapo ndipo tulipochukua karatasi. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaoegemea habu, pale gurudumu linapofungwa kwa nati. Rimu zake za kiwandani ni +30, maana yake gurudumu limeingizwa ndani milimita 30. Ukienda kwenye rimu ya 9 yenye sifuri, unarudisha zile 30 nje, na kwa kuwa rimu imeongezeka inchi 1 na nusu, nusu ya ongezeko hilo, milimita 19, nayo inatoka nje. Jumla ni karibu sentimita 5 kwa kila upande. Tairi lingekaa vizuri mno kwenye rimu, chaki ingefutika pembe hadi pembe. Ila beringi zingebeba mzigo ukiwa umesogezwa nje, usukani ungekuwa mzito na wa kuvuta kwenye kila shimo, na tope lote la Karatu lingepakwa kwenye milango na vioo.

Aliudhika kidogo, kwa sababu picha ilikuwa nzuri kweli. Kwa sasa ameweka 265/70R17. Upana uleule, rimu zilezile ambazo tairi hilo linazitaka kuanzia 7 mpaka 9, kimo kimepanda kwa asilimia 3 na nusu hivi, hakuna plastiki iliyokatwa. Lakini zile 285 hazijamtoka moyoni. Anatafuta rimu za 8.5 zenye ofseti ya karibu na ile ya kiwandani, na nimemwambia akizipata azilete hapa kabla hajalipa, tuzipime ndani kwa ndani.